Mkarafuu Wangu wa Ubaoni

Mie sipendi kubishiwa. Nalisema mapema ili usije ukasema nilikuficha. Nimefundisha shule ya msingi Temeke miaka thelathini na moja, darasa moja watoto themanini, mwaka mwingine tisini, wamebanana wanne wanne kwenye dawati, na hakuna aliyenibishia mara mbili. Mara moja, sawa, mtoto ni mtoto. Ya pili nilikuwa namkazia macho tu, anakaa mwenyewe. Fimbo sikuitumia, na kwa hilo nilijisifu sana mbele ya walimu wenzangu. Wao walinitania kwamba sihitaji fimbo kwa sababu mie Mpare, na Mpare akikushika na kesi yake utatamani bora angekuchapa yaishe.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, nilishika kipaza sauti nikasema neno nililokuwa nimelipanga wiki nzima: "Wazazi, katika miaka yangu yote sijamfundisha mtoto kitu cha uongo hata kimoja." Kina mama walipiga vigelegele. Mkuu wa shule alifuta macho. Neno hilo nikalipenda, nikawa nalirudia kila nilipopata upenyo: kwenye jumuiya, kwenye vikao vya harusi, hata kwa fundi aliyekuja nyumbani kwangu Bunju kuziba bomba. Maskini yule fundi alikuwa anataka nimpishe tu apite na spana yake.

Habari ninayoiandika hapa ni ya safari ya Pemba, na jinsi neno langu hilo lilivyokwenda kupimwa huko.

Walikuja nyumbani watatu, Jumapili mchana nikiwa ndiyo kwanza nimetoka kanisani. Wote walikuwa wa darasa moja, darasa la tano ambalo mpaka leo nalihesabu kuwa bora kuliko yote niliyowahi kuyashika. Wa kwanza alikuwa kiranja wangu wa zamani, ambaye siku hizi ana duka la spea za pikipiki Tandika na kitambi cha kutosha. Wa pili muuguzi, mama wa watoto wawili, mtaratibu tangu akiwa mdogo. Wa tatu mchonga vinyago, kijana wa wazazi waliotoka kusini, kwao Newala. Darasani alikuwa haongei, anachora tu pembezoni mwa madaftari. Nasema kijana, kumbe ana mvi.

"Shikamoo mwalimu," wakaniamkia kwa pamoja pale mlangoni kama wako mstarini.

"Marahaba. Mmevua viatu?"

Walikuwa wamevua. Adabu niliyowatia bado walikuwa nayo, nikawakaribisha ndani kifua kikiwa juu.

Kiranja ndiye aliyeongea, kama kawaida yake. "Mwalimu, ishu iko hivi. Sie darasa zima tumejipanga kwenye kundi letu la kwenye simu. Tunakupeleka kutembea. Wewe andaa begi tu."

"Kutembea wapi? Mie na magoti haya?"

"Pemba," akasema. "Wewe ndiye uliyetufundisha kisiwa cha karafuu. Na tumeulizana, hakuna anayekumbuka ukisema umewahi kufika."

Ni kweli sikuwahi kufika. Nilikuwa nimeifundisha Pemba kila mwaka bila kuiona, kama padri anavyoieleza mbingu. Machozi yalinilenga, nikasingizia vitunguu vilivyokuwa jikoni. Wanafunzi wangapi wanawakumbuka walimu wao hivyo? Nilitaka jirani zangu wote wa Bunju wasikie, nikafungua dirisha makusudi.

Kisha muuguzi akasema, "Na mwenyeji wetu atakuwa yule Mpemba wetu, mwalimu. Yule aliyekuwa anakaa dawati la dirishani. Amerudi kwao Wete. Na yeye ni mwalimu sasa!"

Nilimkumbuka palepale, na niseme ukweli, nilimkumbuka kwa sifa moja tu: mbishi.

Ilikuwa hivi. Kwenye somo la mazao ya biashara nilikuwa nachora kila zao ubaoni kwa chaki za rangi, na mie nilikuwa hodari wa kuchora, usione. Kitabu cha mwalimu kilikuwa kimoja, hakina jalada, na ukurasa wa karafuu haukuwa na picha. Ulikuwa na mistari mitatu: zao la biashara, hulimwa Unguja na Pemba, huchumwa, hukaushwa, husafirishwa nje. Basi. Mie nimekulia Upare kwenye kahawa. Niliposoma huchumwa, hukaushwa, kichwani nikaona kahawa ya baba yangu, na ndiyo niliyoichora: kichaka cha kumfika mtu kifuani, matawi yameinama, matunda mekundu ya mviringo. Chini yake nikaandika MKARAFUU. Sikudhani nasema uongo. Nilikuwa na hakika kabisa, na hapo ndipo ubaya ulipo.

Kwenye jaribio nikauliza karafuu ni sehemu gani ya mmea. Jibu langu lilikuwa tunda. Darasa zima wakaandika tunda, isipokuwa binti mmoja aliyeandika ua. Nikamwekea kosa. Akaja mezani kwangu na daftari lake, mwembamba, ushungi mweupe umemzidi ukubwa, akasema polepole, "Mwalimu, karafuu ni ua. Kwetu tunachuma kabla halijafunguka."

"Rudi ukakae," nikamwambia.

Hakurudi. "Mwalimu, mie nishaupanda mkarafuu. Ni mrefu kama ule mwarobaini wa pale uwanjani."

Darasa likacheka. Wote walikuwa wanaliona lile jichaka langu ubaoni, na huyu anasema kalipanda! Na mie nikaona ananidhalilisha mbele ya watoto themanini. Shuleni kwetu mtoto akipata tulimpigia makofi, akichemka tulimzomea. Nikageuka kwa darasa nikasema, "Mzomeeni." Wakamzomea, uuuu, kiranja ndiye aliyeanza. Nikamwambia arudi kwenye dawati lake asimame pale mpaka atakapokumbuka karafuu ni nini. Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia nikawa nakusanya chaki zangu, kiranja akaninong'oneza, "Mwalimu, hujamwambia akae." Nikamjibu, "Atakaa akikumbuka." Nikatoka. Mwisho wa mwaka ule baba yake alirudi nao Pemba, sikumwona tena.

Ndiyo maana walipoondoka pale Bunju nilibaki nacheka peke yangu. Haya, nikasema moyoni, twende tukaone kama bado ni mbishi.

Tulisafiri mwezi wa kumi na mbili. Boti mpaka Unguja, tukalala, asubuhi boti nyingine mpaka Mkoani. Kiranja, mwanaume wa kilo tisini aliyejitapa njia nzima kwamba bahari haimtishi, alitapika tangu tulipoiacha Unguja mpaka tunafunga gati, muuguzi kamshikia mfuko huku akimwambia, "Pumua, kiranja, andika majina ya wanaopiga kelele." Nilicheka mpaka mkanda wa sketi ukalegea.

Mwenyeji wetu alikuwa gatini. Mama wa makamo, buibui jeusi, miwani, na mwendo wa mtu aliyezoea kutazamwa na watoto. Aliuchukua mkono wangu kwa mikono yake miwili akaubusu. "Shikamoo mwalimu wangu. Karibu kwetu." Nikamtazama usoni nikitafuta ule ubishi. Sikuuona.

Njia ya kutoka Mkoani kwenda Wete sitaisahau. Mie nilidhani kisiwa ni mchanga na minazi, kama Kigamboni iliyokatika. Kumbe ni vilima, unapanda unashuka, unapanda unashuka, mabondeni mpunga, juu migomba, miembe, mishelisheli, kijani kimeshonana hadi huoni ardhi. Ilikuwa kama Upare umepelekwa baharini. Pembeni mwa lami watu wameanika karafuu kwenye majamvi, na harufu inaingia garini, hata kiranja aliyekuwa kama maiti akakaa wima.

Mie nilikuwa dirishani natafuta vichaka vyangu. Karibu na Chake nikaviona, vimejipanga chini ya miti mirefu. "Ile pale!" nikapaza sauti. "Wanangu, tazameni mikarafuu!"

Dereva akakohoa. "Hayo magugu, mama."

Mwenyeji wetu, aliyekaa mbele, hakugeuka. "Shambani tutafika kesho, mwalimu," akasema. "Leo tuone mji."

Na mji tuliuona, tena kwa miguu yangu hii hii yenye magoti mabovu. Wete umekaa mlimani na barabara yake kubwa inateremka mpaka bandarini, maduka huku na huku, mafundi cherehani vibarazani, maghorofa ya zamani juu, na kila nyumba ina mti unaoichungulia. Tulioneshwa popo wakubwa kama kuku, wamening'inia mchana kweupe kwenye miti jirani na bandari. Kiranja akauliza kama wanaliwa. "Muwale nyie huko Dar," mwenyeji akamjibu, "kwetu sie wageni wanakuja kuwatazama." Mchonga vinyago alisimama muda mrefu mbele ya mlango mmoja wa mbao, kapitisha kidole kwenye kila ua lililochongwa. Tulipelekwa kwa mzee anayepika halua, kakaa mbele ya karai kubwa kama tairi la lori, mwiko hauachi kuzunguka, jasho linamtoka. Tukala ya moto na kahawa chungu. Kila tulipopita watoto wanatoka vichochoroni, "Shikamoo mwalimu! Shikamoo mwalimu!" Mara mbili za mwanzo niliitika mie. Kumbe wanamwamkia mwenyeji wetu.

Niliona fahari, nisikufiche. Huyu mtu anayeamkiwa na mji mzima, nani alimfundisha kuandika insha? Nani alimfundisha kusoma ramani? Jioni, nyumbani kwake, fahari hiyo ikazidi. Kwenye meza palikuwa na rundo la madaftari ya darasa lake la tano, nikachukua moja nikafunua, maana mwalimu hawezi kuona daftari akalipita. Zile vema zilikuwa zangu! Mie vema yangu ina mkia mrefu unaojikunja juu kama ndoano, nimeiiga kwa mama mmoja aliyenifundisha Upare. Iko pale, Wete, kwa wino mwekundu, ukurasa baada ya ukurasa. Hata ile herufi ya k yenye mguu uliochanuka ni mwandiko wangu.

"Nilijifunza kwako," akasema aliponiona nimeduwaa. "Nilikuwa nakaa usiku na daftari naziiga vema zako. Nilikuwa nataka niwe wewe, mwalimu."

Sasa hebu niambie, mwalimu gani ataambiwa hivyo asivimbe? Nikavimba. Nikafunua ukurasa mwingine. Pale penye kosa, kando yake, aliandika kwa herufi ndogo neno moja: Umejuaje?

"Hii nini?" nikauliza.

"Ah, hiyo mazoea yangu. Mtoto nikimwekea kosa, namwita kwanza aniambie amejuaje. Mara nyingi amekosea kweli." Alikuwa anakunja mkeka, hakunitazama. "Mara nyingine yeye ndiye anajua."

Alisema bila kinyongo, kama mtu anavyokwambia chumvi ameiweka wapi. Lakini hiyo ikaniingia. Nikafunga daftari nikasema nimechoka.

Asubuhi tukaenda shambani kwao, nje kidogo ya mji. Njia ya miguu ikapita kwenye ukungu na umande, kisha tukatokea mahali penye miti mirefu, mirefu hasa, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta, mashina ya kijivu. Nikasikia watu wanaongea juu kwa juu. Nikainua kichwa, kitenge changu cha kichwani kikaanguka nyuma. Kulikuwa na wanaume wamejifunga kamba huko juu, ghorofa tatu kutoka ardhini, wanavuta matawi na kuchuma wakitia kwenye makapu.

"Wanachuma nini?" nikauliza, ingawa harufu ilikuwa imeshaniambia.

"Karafuu, mwalimu," akasema.

Nikaupima mti kwa macho toka shinani hadi kileleni. Ulikuwa mrefu kuliko ule mwarobaini wa uwanjani kwetu.

Kiranja, mdomo wake haujawahi kuwa na kufuli, akaangua kicheko. "Mwalimu! Mbona huu umekua hivi? Ule wa ubaoni ulikuwa unanifika kifuani!"

Nilijua wote wanakumbuka, maana muuguzi aliinama akaanza kufunga kamba ya kiatu ambacho hakina kamba. Na hapo ndipo mwenyeji wangu, yule mbishi wangu, alipofungua mdomo. "Ule ulikuwa mche," akasema. "Mwalimu alituchorea mche. Mche wa mkarafuu huwa hivyo."

Alinifungulia mlango. Na mie, mwanamke niliyejisifu mbele ya wazazi na mkuu wa shule na fundi bomba, nikapita. "Eeh," nikasema. "Ule ulikuwa mche."

"Mche wenye matunda?" mchonga vinyago akajiuliza kwa sauti ya chini, halafu akageukia kulitazama shina la mti kama hajasema kitu.

Nimekaa na aibu nyingi maishani, lakini ile ilikuwa na ladha yake. Kukosea ubaoni, sawa, kitabu hakikuwa na picha. Lakini sasa mti ulikuwa mbele yangu na bado nilikuwa nadanganya, tena nikitumia rehema ya mtu niliyemdhalilisha. Nilitembea nyuma ya wenzangu. Moyoni nilikuwa nagombana na nafsi yangu: utasema? Useme nini? Wamekuleta mpaka huku kukuheshimu, unataka waonekane wamemheshimu nani? Watu wazima hawa, wameshasahau. Nyamaza, ule wali, urudi Bunju. Nikajijibu kwamba yeye hajasahau. Anaandika lile Umejuaje? lake kwenye madaftari ya watoto wa watu kila siku.

Nyuma ya nyumba ya shambani palikuwa na uwanja, na kina mama kama sita wameketi kwenye majamvi wanachambua karafuu mbichi, wanazing'oa kwenye vikonyo vyake na kurusha huku na huku bila kutazama, mikono inaruka kama ya wasusi wa Temeke. Nikakaa nao. Mama mmoja akanitilia konzi ya karafuu mkononi. Nikachukua moja, rangi ya kijani imechanganyika na wekundu, umbo la msumari, kichwa kimefumba. Nikakipasua kwa ukucha. Ndani mlikuwa na vijani vyembamba vyeupe vimekunjwa vizuri, kimoja juu ya kingine, na nyuzi ndogo ndogo katikati. Mie nimefundisha sehemu za ua miaka yote. Sikuhitaji mtu wa kunieleza.

Nikalifumba ua lile kiganjani. Halafu nikasimama. Nikapiga makofi mawili, kama nilivyokuwa nikifanya watoto wakipiga kelele.

"Darasa la tano! Simameni!"

Hutaamini. Wale watu wazima wakasimama kabla hawajajua kwa nini. Kiranja alikuwa na kikombe cha uji, akakificha nyuma. Mwenyeji wangu alikuwa anaongea na mchumaji mmoja kule ukumbini, akageuka, akaja, akasimama mwishoni mwa mstari, upande wa dirisha la nyumba. Kina mama wakaacha kuchambua.

"Swali," nikasema. "Karafuu ni sehemu gani ya mmea? Kiranja."

"Tunda, mwalimu!" akajibu kwa nguvu, kifua mbele. Jamani. Miaka yote ile, na mti ameuona kwa macho yake, bado alikuwa na jibu langu.

Kina mama wa kwenye majamvi wakaangua kicheko, mmoja akapiga "Uuuu!" wenzake wakamfuata, wakamzomea kiranja wangu mpaka masikio yakamwiva. Muuguzi alikuwa amefungua mdomo kujibu, akaufunga.

"Wewe," nikasema. "Wa dirishani."

Aliweka mikono nyuma. Mama wa watu, mwalimu wa mji mzima, aliweka mikono nyuma kama wa miaka kumi na moja. "Ua, mwalimu," akasema polepole.

"Umejuaje?"

"Kwetu tunachuma, mwalimu. Kabla halijafunguka."

"Na mti wake?"

"Mrefu, mwalimu. Nishaupanda."

Nikawageukia wengine. Maneno niliyoyasema sikuyapanga hata dakika moja, tofauti na yale ya siku ya kuagwa. Nikawaambia, "Sikilizeni, wanangu. Nilichora kahawa ya baba yangu nikawaambia ni karafuu. Haikuwa mche. Huyu alijua, akaniambia mara mbili, na mie nikawaambia mumzomee kwa sababu sipendi kubishiwa. Nilikosea. Yeye alipata. Na nyie mlimzomea kwa amri yangu, kwa hiyo sasa mtafanya nilichopaswa kuwaambia siku ile. Mpigieni makofi. Matatu, mazito, nisikie mpaka Temeke."

Wakapiga. Pa! Pa! Pa! Kiranja alipiga huku machozi yanamtiririka waziwazi, jitu zima la Tandika. Mchonga vinyago ana viganja kama mbao, vilisikika peke yavyo. Kina mama nao wakapiga bila kujua kesi yenyewe ni ipi, na juu ya miti wachumaji wakapiga mluzi. Mie nilipiga pia. Mikono ilinuka karafuu siku mbili.

Na sitaona haya kusema kwamba katikati ya makofi yale nilijisikia fahari kuliko siku yoyote niliyowahi kusimama mbele ya watu. Nilikuwa nimemfundisha mtu akanizidi. Vema zangu alizichukua, kosa langu akalifanyia dawa, akawapa watoto wa Wete vyote viwili. Kama mtu ataniuliza tena kanisani au kwenye kikao cha harusi nimefanya nini miaka thelathini na moja, nitamjibu nimemfundisha huyo. Lile neno la zamani nimeliacha.

Makofi yakaisha. Watu wakaanza kukaa, kiranja kwenye gogo, muuguzi kwenye jamvi, kina mama wakarudi kwenye vikonyo vyao. Nikapangusa uso kwa kitenge. Nilipoinua macho nikamwona mwenyeji wangu bado amesimama palepale, mikono nyuma, ananitazama mie tu. Nikadhani anataka kusema kitu.

Kiranja akaniinamia sikioni. "Mwalimu," akaninong'oneza, "hujamwambia akae."

Nikamwambia, "Kaa, mwanangu."

Akakaa.